Jua lilipozimika Biharwe: jinsi kivuli cha mwezi kinavyotusaidia kuhesabu miaka yetu



Muulize mwanafunzi yeyote wa historia hapa Bukavu: mwami fulani wa zamani, yule ambaye wazee wanamtaja kila siku, alitawala mwaka gani? Atakupa jina la baba yake, jina la mama yake, vita alivyopigana, pengine hata jina la ng'ombe wake wa sifa. Mwaka? Hapo njo anakwama. Na si kosa lake. Wazee wetu walihifadhi historia kwa mdomo, na mdomo unahifadhi vizuri sana nani alimzaa nani na nani alimnyang'anya nani ng'ombe. Kalenda haukuibeba, juu hawakuihitaji.

Sasa fungua vitabu vya historia ya Maziwa Makuu. Katika baadhi yao unakuta tarehe moja imeandikwa bila wasiwasi wowote: mwaka 1520. Nilipokutana nayo mara ya kwanza chuoni, niliuliza mwenzangu wa bench: hii nani aliiandika? Wakati ule Wareno walikuwa pwani, na huku bara hakuna aliyekuwa na karatasi wala wino. Jibu lilinifurahisha kabisa. Tarehe hiyo ilitoka juu mbinguni. Ni hesabu ya jua na mwezi.

Leo nataka tuzungumze juu ya kupatwa kwa jua na mwezi, lakini kwa njia ya mtu wa historia. Sayansi iko ndani, hadithi za kale ziko ndani, na siye watu wa Kivu tuko ndani pia.

NG'OMBE WALIOACHWA NJIANI

Biharwe ni kilima karibu na Mbarara, Uganda, kando ya barabara inayotoka Masaka. Mapokeo ya Bunyoro na ya Nkore yanasimulia kwamba Omukama Olimi wa Kwanza wa Bunyoro alivamia Nkore, nchi ya Ntare wa Kwanza, na kuteka ng'ombe wengi. Jeshi lilipokuwa Biharwe, mchana ukageuka usiku. Jua lilizimika watu wakiliangalia. Askari wa Bunyoro wakaingiwa na hofu, wakakimbia kurudi kwao, na ng'ombe wakabaki nyuma. Leo kuna mnara wa kumbukumbu pale barabarani, na wasafiri wa basi wanaoenda Kampala wanaupita bila kujua ni wa nini.

Mwaka 1959 John Sykes aliandika juu ya tukio hilo katika jarida la Uganda Journal. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wataalamu wa nyota wanaweza kurudisha hesabu nyuma na kujua kivuli cha mwezi kilipita wapi, siku gani. Sasa ukitafuta kupatwa kamili kulikopita Nkore katika karne zile, unapata tarehe 17 Aprili 1520. Basi kama hadithi ni ya kweli, Olimi na Ntare walikuwa hai siku hiyo. Na kama walikuwa hai siku hiyo, wafalme wa jirani wanaotajwa pamoja nao wanapata mwaka wao pia. Ni sawa na kupigilia msumari mmoja ukutani: picha zote zingine unaanza kuzipanga kutoka hapo.

Mwaka 1965 Richard Gray alichapisha katika Journal of African History ramani za kupatwa kwa jua barani Afrika, ili kila mtafiti aweze kujaribu njia hiyo katika eneo lake. Jan Vansina, Mbelgiji aliyejenga somo lote la historia ya mapokeo ya mdomo, naye alitafuta tarehe za wafalme wa Rwanda kwa kupatwa kwa jua. Yaani ile miaka ya uhuru, wakati vyuo vikuu vya Afrika vilikuwa vinataka kuonyesha kwamba Afrika ina historia kama wengine, jua na mwezi viliitwa kutoa ushahidi.

KWA NINI KIVULI NI SHAHIDI MZURI

Tupite haraka kwenye sayansi, juu bila hiyo hoja haishiki.

Chukua taa, uiweke mezani: hiyo ni jua. Kichwa chako ni dunia. Shika chungwa kwa mkono ulionyooka: huo ni mwezi. Chungwa likipita kati ya taa na uso wako, taa inafichwa. Huko ni kupatwa kwa jua, na kunatokea wakati wa mwezi mwandamo tu. Ukigeuka ukaipa taa mgongo, chungwa likaingia katika kivuli cha kichwa chako, huko ni kupatwa kwa mwezi, na kunatokea wakati wa mwezi mpevu tu.

Mbona basi hatuoni hivyo kila mwezi? Juu njia ya mwezi imeinama kidogo, kama digri 5, ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua. Mara nyingi chungwa linapita juu kidogo au chini kidogo ya taa, na kivuli kinapotelea angani.

Jua ni pana karibu mara 400 kuliko mwezi, na liko mbali karibu mara 400 zaidi. Kwa hiyo, tukiwa hapa chini, vyote viwili vinaonekana na ukubwa karibu sawa. Mwezi ukiwa karibu nasi, unafunika jua lote: kupatwa kamili. Ukiwa mbali kidogo, unabaki mdogo na jua linaonekana kama pete kandokando yake: kupatwa kwa pete. Hapo mwanga unapungua lakini giza la usiku haliingii. Tofauti hii muishike, tutaihitaji.

Kile kivuli cheusi cha kupatwa kamili ni chembamba. Upana wake mara nyingi ni kilomita mia moja na kitu, na hauzidi sana 250. Kwa wastani, mahali pamoja panapata kupatwa kamili mara moja katika miaka kama 375. Njo maana mwanahistoria anapenda sana shahidi huyu. Kijiji kikisema "mchana uligeuka usiku wakati wa mfalme fulani," siku zinazoweza kufaa ni chache mno.

LAKINI SHAHIDI ANAWEZA KUDANGANYA

Mwaka 1976 David Henige, mwanahistoria aliyekuwa mkali sana juu ya tarehe za mapokeo, aliuliza maswali ambayo kila mwanafunzi wa historia anapaswa kuyajua.

La kwanza: je, giza la hadithi ni kweli kupatwa kwa jua? Linaweza kuwa wingu zito la mvua. Linaweza kuwa namna ya kusimulia, vile tunavyosema "siku hiyo mbingu ililia" wakati hata tone halikuanguka. Na mimi naongeza moja ya kwetu: siye wa Kivu tuko na Nyiragongo na Nyamulagira. Moshi na majivu vya volkano vinaweza kufunika jua bila mwezi kuhusika.

La pili: hesabu ya vizazi inaweza kukosea kwa miaka makumi. Ukitafuta ndani ya miaka 100, utakuta kupatwa zaidi ya kumoja, kamili, kwa pete au kwa sehemu. Mtafiti anaweza kuchagua kule kunakofaa hoja yake na kunyamazia kwingine. Ni kama mtu ambaye amekwisha kujua jibu la hesabu, sasa anatafuta njia ya kulifikia.

La tatu ni zuri zaidi: watu wanapenda kuunganisha matukio makubwa. Vita na kupatwa kwa jua vikitokea mbalimbali, mdomo unavileta pamoja kidogo kidogo mpaka vinakuwa siku moja.

Tuangalie mfano wa mbali. Herodoto, Mgiriki, anasimulia kwamba Walydia na Wamedi walikuwa wanapigana, jua likazimika katikati ya vita, wote wakaweka silaha chini na kufanya amani. Wataalamu wengi wanakuweka kupatwa huko tarehe 28 Mei 585 kabla ya Kristo. Ona inavyofanana na Biharwe: majeshi, giza, vita vinakoma. Je, mambo mawili ya kweli yamefanana, au wanadamu wote wanapenda hadithi ya namna hiyo?

Sasa mfano wa karibu, ambao wengi wetu tulikuwa hai kuuona. Tarehe 3 Novemba 2013, siku ya Mungu mchana, kivuli cha mwezi kilivuka Gabon, Kongo zote mbili, kaskazini mwa Uganda na Kenya. Pakwach, Uganda, watu walikusanyika, Rais Museveni akiwemo, kuona giza la chini ya nusu dakika. Hapa Bukavu tulipata sehemu tu. Siku hiyohiyo, huko Kivu ya Kaskazini, M23 walitangaza kusimamisha mapigano, na tarehe 5 Novemba wakatangaza mwisho wa uasi wao. Sasa fikiria hatuna redio, hatuna gazeti, hatuna simu. Miaka 300 inapita. Mzee anasimulia: "Jua lilizimika, na vita vikaisha." Angekuwa anadanganya? Hapana, yote mawili yalitokea juma moja. Lakini mwezi haukumaliza vita vile. Wanajeshi na wanasiasa njo walivimaliza, na tunajua kwamba havikuisha kweli: vilirudi, na mwezi wa Februari 2025 vikaingia mpaka hapa kwetu Bukavu.

Kwa hiyo msimamo wangu juu ya 1520 ni huu: ni tarehe inayowezekana, ina hoja nzuri nyuma yake, lakini tuiandike na neno "huenda" pembeni. Anayeifundisha kama cheti cha kuzaliwa anawapunja wanafunzi.

MAJINA NA HADITHI

Lugha zenyewe zinatuambia watu waliona nini. Waswahili wanasema jua "limepatwa", yaani limeshikwa, kama mtu anavyopatwa na homa. Neno la Kifaransa, éclipse, linatoka katika Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kuachwa, kutoweka: jua limetuacha. Majirani zetu Wanyarwanda wanasema ubwirakabiri, yaani usiku kuingia mara mbili. Kwangu mimi hilo njo zuri kuliko yote, juu halimtafuti mchawi wala mnyama. Linaeleza tu kile ambacho macho yaliona: leo usiku umeingia mara mbili.

Wahindi walisimulia juu ya Rahu, kichwa kisicho na mwili, anayemeza jua, kisha linatokea shingoni. Wachina wa zamani walisema ni joka. Huko kaskazini ya Ulaya ni mbwamwitu. Batammaliba wa Togo na Benin wana fundisho lingine: jua na mwezi wanagombana, na kazi ya watu chini ni kuwapa mfano kwa kumaliza ugomvi wao wenyewe. Siku hiyo mtu anaenda kwa jirani ambaye hawasalimiani, wanapatana. Mimi nasema, kama ni lazima kuwa na hadithi, hiyo ingetufaa hapa mjini.

Katika Uislamu kuna tukio linalojulikana sana. Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua linaomboleza. Mtume akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote. Akasali, na sala hiyo inasaliwa hadi leo, Zanzibar, Mombasa na hata katika misikiti ya hapa kwetu. Wataalamu wanaweka siku hiyo tarehe 27 Januari 632. Ona: baba mwenye msiba ndiye aliyekataa kuligeuza jua kuwa shahidi wa msiba wake.

Nasema hivi juu hofu bado iko. Tarehe 7 Septemba 2025, siku ya Mungu usiku, mwezi ulipatwa kwa ukamilifu. Saa yetu ya Bukavu, ilikuwa kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na dakika 52. Huku Nyawera mawingu yalikuwa yanakuja na kwenda, na kila yakifunguka, mwezi ulionekana mwekundu kama tofali la kuchoma. Mama moja anayeuza ndizi soko la Nyawera, jirani yetu, aliita watoto wake: "Ingieni mu nyumba! Hii iko alama ya damu, bado ingine inakuya!" Jirani wa pili akaleta maneno ya nabii Yoeli. Hakuna aliyecheka. Mji ambao umepitia yale tumepitia mwaka ule hauchekei neno damu.

Niliwaeleza watoto wekundu ule unatoka wapi. Dunia inapoziba mwanga wa jua, mwanga kidogo unapinda ndani ya hewa yetu na kupita kandokando. Hewa inatawanya rangi ya bluu, nyekundu inabaki, kama jioni. Kwa hiyo ule wekundu kwenye mwezi ni wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Mama akasikiliza, akanyamaza.

ANAYEJUA NA ASIYEJUA

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hauna uzuri. Mwaka 1504 Kristofa Kolombo alikuwa amekwama Jamaica, meli zake zimeharibika, na wenyeji wamechoka kumlisha. Alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota, akaona humo kwamba tarehe 29 Februari mwezi utapatwa. Akawaambia wenyeji Mungu wake amekasirika, atauondoa mwezi. Mwezi ulipogeuka, wakaleta chakula. Watu wanaisimulia hadithi hii kama kichekesho cha mjanja. Mimi naiona kama somo la chuo: maarifa yakikaa upande mmoja tu, yanakuwa silaha.

Twende kwenye kupatwa maarufu kuliko kote, kwa tarehe 29 Mei 1919. Vitabu vya fizikia vinasema hivi: Albert Einstein alikuwa amedai kwamba uzito wa jua unapinda mwanga wa nyota unaopita karibu nalo, na pembe ya kupinda ni sekunde 1.75 za tao, mara mbili ya ile inayopatikana kwa hesabu za Newton. Mchana huwezi kuona nyota karibu na jua, isipokuwa jua likifichwa. Waingereza wakatuma watu sehemu mbili: Sobral huko Brazili, na kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Gine, ambako alikwenda Arthur Eddington. Príncipe mvua ilinyesha asubuhi, na mawingu nusura yaharibu kila kitu. Wakapiga picha 16, chache tu zikafaa. Tarehe 6 Novemba 1919 matokeo yakatangazwa London: Einstein ana haki. Kwa siku chache jina lake likajulikana dunia nzima.

Kile ambacho vitabu hivyo havisemi kwa sauti ni kwamba kivuli kile hakikuishia Príncipe. Kiliendelea, kikaingia Gabon, kikavuka Kongo ya Wabelgiji, kikapita eneo la Ziwa Tanganyika, kikatokea kaskazini ya Msumbiji jua likikaribia kuzama. Wapangaji wa safari walifikiria hata kuweka kituo kando ya Ziwa Tanganyika, lakini huko jua lingekuwa limeshuka chini mno. Yaani kidogo tu, Einstein angethibitishwa kando ya Ziwa Tanganyika.

Na chini ya kivuli kile kulikuwa na nani? Watu waliokuwa wametoka kubeba vita vya wengine. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilipoenda kuchukua Tabora mwaka 1916, lilitumia wapagazi zaidi ya 200,000, na Kivu ilitoa sehemu yake. Halafu homa kubwa ya 1918 na 1919 ikapita. Huko Príncipe kwenyewe, Eddington alikaribishwa kwenye shamba kubwa la kakao, na mashamba hayo yalikuwa yamelaaniwa miaka kumi nyuma kwa kuwafanyisha Waangola kazi kama watumwa. Tunajua dakika na sekunde ambazo Eddington aliangalia jua. Babu zetu waliokuwa chini ya kivuli hichohicho, walisema nini? Walipiga ngoma? Waliwaingiza mbuzi zizini? Waliunganisha giza lile na vita au na homa? Hakuna aliyewauliza akaandika.

UKOO MMOJA WA KIVULI

Hapa sayansi inatuletea kitu kitamu. Wababeli wa zamani waligundua kwamba kupatwa kunarudi baada ya miaka 18, siku 11 na kama saa 8. Mzunguko huo unaitwa saros. Zile saa 8 zinafanya dunia iwe imegeuka theluthi moja, kwa hiyo kupatwa kunakofuata kunaangukia upande mwingine wa dunia. Lakini baada ya saros tatu, miaka 54 na kama mwezi mmoja, kivuli kinarudi upande uleule.

Fanya hesabu. 29 Mei 1919, ongeza miaka 54 na mwezi: 30 Juni 1973. Siku hiyo kivuli kilivuka Sahara, kikaja mpaka kaskazini ya Uganda na Ziwa Turkana, Kenya. Ndege ya Concorde ilikifuata kutoka Visiwa vya Kanari hadi Chad, na wanasayansi ndani yake wakakaa gizani dakika 74. Ongeza tena miaka 54 na mwezi: 2 Agosti 2027. Kitavuka Afrika ya Kaskazini, Misri, Maka, Yemen mpaka ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litafika dakika 6 na sekunde 23. Wenzetu wa Uarabuni watakaokuwa Jeddah au Maka siku hiyo wako na bahati.

Ni ukoo mmoja: babu alipita Kongo mwaka 1919, mwana alipita Uganda na Kenya, mjukuu anapita Misri. Kila kizazi kinasogea kaskazini. Kwa hiyo yule wa 1919 hatarudi kwetu.

KAZI AMBAYO IKO MIKONONI MWETU

Wale wa 1919 wamekwisha kwenda. Lakini tarehe 16 Februari 1980, siku ya posho asubuhi, kivuli kingine kilivuka Angola, Zaire, Tanzania na Kenya. Bukavu haikuwa katikati ya kivuli, ila sehemu kubwa ya jua ilifichwa. Mashuhuda wake bado wako, mtaani kwetu, na umri wao ni miaka 50 kwenda juu.

Nilimuuliza tate yangu, mama wa baba. Hakujua mwaka. Alisema hivi: "Makuta njo ilikuwa imetoka kufa, na jua nayo ikataka kufa. Baridi ikakuya sawa ya jioni. Baba yako alikuwa anatambaa mu lupango. Kisha nyuma, Papa wa Roma akakuya ku Zaire."

Tulia hapo uone utajiri wa maneno hayo. Makuta kufa: mwezi Desemba 1979 Mobutu aliondoa noti za zaire 5 na 10, na watu wengi walipoteza akiba yao. Papa wa Roma: Yohane Paulo wa Pili alifika Zaire mwezi Mei 1980. Kati ya mambo hayo mawili, kupatwa kwa jua kunakoingia ni kule kwa Februari 1980. Tate hana kalenda, lakini amepanga matukio matatu kwa mfuatano bila kosa. Henige angeuliza ushahidi wa pili, na tate ameuleta, wa mbele na wa nyuma.

Na baba aliyekuwa anatambaa? Kadi yake ya uchaguzi inasema alizaliwa 1981. Mtoto hawezi kutambaa mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa. Baba yangu alizaliwa 1979. Amebeba mwaka wa uongo miaka yote, kwenye kila karatasi. Nilipomwonyesha hesabu alicheka, kisha akakaa kimya kidogo, akasema: "Basi mimi na jua ile, mimi njo mukubwa."

Njo maana nawaomba, nyinyi ambao mko na simu yenye kurekodi sauti. Msianze na "mlizaliwa mwaka gani?" Uliza: ulishawahi kuona mchana ukifanya giza? Ulikuwa wapi? Nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa amekufa, bei ya unga ilikuwa vipi, nani alikuwa chifu? Watu walisema ni nini? Andika kwa maneno yao wenyewe, Mashi, Kihavu, Kirega, Kifuliru, usiyasafishe. Tarehe utaitafuta baadaye, iko angani, haipotei. Maneno ya mzee njo yanapotea. Mwaka huu tu tumezika wangapi?

Na kwa walio na wadogo zao: tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa pete kutavuka Angola, kusini ya nchi yetu, Zambia na Tanzania, na Bukavu tutaona sehemu. Msiangalie jua kwa macho, wala kwa filamu ya radiografi, wala kwa kioo cha moshi, wala ndani ya beseni la maji. Jicho linaungua ndani bila kuuma, na halitengenezwi tena. Toboa tundu dogo kwenye kartoni, acha mwanga upite uangukie karatasi nyeupe: utaona jua dogo limekatwa, salama. Hata chini ya mti wa avoka, mwanga unaopita kati ya majani unachora vijua vidogo vilivyokatwa, mamia, kwenye udongo. Waite watoto waone. Na mwambie mmoja wao aandike siku, saa, na alichosema tate.